Alichanjwa rota na bado akalazwa: je, nimchanje mdogo wake?

*"Daktari, habari. Naishi Manyatta, Kisumu, na nina watoto wawili. Kifungua mimba wangu alipewa matone ya rota kliniki mara zote mbili, na kitabu chake ninacho. Lakini alipofika miezi 11 alianza kutapika, kisha akahara maji matupu, tukalazwa siku 3 akiwekewa dripu. Sasa ana miaka 3, na nina kichanga wa wiki 5. Mama mkwe anasema nisijisumbue na hayo matone, kwamba kuhara ni meno tu, na kwamba yeye amelea watoto 7 bila chanjo hiyo. Jirani yangu ni muuguzi, naye anasema wadi ya watoto siku hizi imebaki nusu tupu kwa sababu ya chanjo hiyo hiyo. Tena nimesikia eti inapinda matumbo ya watoto. Wiki ijayo natakiwa kliniki, lakini tuna matanga Bondo na huenda tukakaa huko wiki 2. Nimwamini nani, na nifanye nini?"*

Pole, dada. Najua kukesha kando ya kitanda ukimshika mtoto mkono asichomoe dripu kulivyo. Najua pia kinachouma zaidi katika swali lako: ulifuata tarehe zote, kitabu kimepigwa mihuri, halafu ugonjwa ukaja vilevile. Una haki ya kuuliza kama ulidanganywa. Hukudanganywa, ila nadhani ulielezwa nusu. Chanjo ya rota haikuletwa kuzuia kuhara. Ililetwa kupunguza watoto wanaolazwa na kufa kwa sababu ya kirusi kimoja tu kati ya vijidudu vingi vinavyoharisha watoto. Kazi hiyo inaifanya. Hapa kwetu inaifanya vizuri, lakini si kikamilifu. Kwa hiyo mama mkwe wako na jirani yako, kila mmoja ameona jambo la kweli.

Jina la mtaani, "chanjo ya kuhara", ndilo limetuponza. Kuhara si ugonjwa mmoja, kama vile homa isivyo ugonjwa mmoja. Kuna kuhara kwa Shigella, ambako mara nyingi huja na damu. Kuna kwa Cryptosporidium, kwa aina kadhaa za E. koli, kwa kipindupindu, na kwa virusi vingine ambavyo havina chanjo. Rota ni mmoja wao, ila ni mkubwa wao kwa watoto wachanga. Mwaka 1973, huko Melbourne, Australia, mtafiti Ruth Bishop na wenzake walichunguza vipande vidogo vya utumbo wa watoto waliokuwa wakihara kwa hadubini ya elektroni, wakaona vidude vya mviringo kama magurudumu. Neno "rota" kwa Kilatini ni gurudumu. Kati ya 2007 na 2011, utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi 7 za Afrika na Asia, ukiwa na kituo kimoja hapa hapa Nyanza, ulikuta kwamba kwa watoto wa chini ya mwaka mmoja wenye kuhara kuzito, rota ndiyo iliyoongoza.

Nikueleze inavyofanya, kwa sababu ukiielewa hatua hii utaelewa na dawa. Ukuta wa ndani wa utumbo mdogo haukulainika kama bomba. Umejaa nyuzinyuzi kama taulo jipya, na ncha za nyuzi hizo ndizo zinazofyonza maji, chumvi na sukari ya maziwa. Kirusi cha rota kinapenda ncha hizo hasa. Kinaingia, kinazaana, seli zinakufa, na taulo linabaki kipara. Maziwa anayonyonya mtoto hayafyonzwi vizuri, na sukari yake iliyobaki tumboni inavuta maji zaidi. Juu ya hayo kirusi kinatoa protini inayofanya kazi kama sumu, inayosukuma maji kutoka mwilini kwenda kwenye utumbo, na kinachokoza mishipa ya fahamu inayoamsha kutapika. Ndiyo maana hadithi ya rota kwa kawaida huanza na kutapika na joto, siku 2 hivi baada ya kuambukizwa, halafu kuhara maji maji kunafuata kwa siku 3 hadi 8. Mwanao alianza hivyo, nami nimelitia hilo akilini, ingawa virusi vingine huigiza vivyo hivyo.

Sasa piga hesabu ya mwili mdogo. Mtoto wa kilo 8 akipoteza mililita 800 za maji, isiyofika hata lita moja, amepoteza sehemu ya kumi ya uzito wake, na hapo tayari tunazungumzia kifo. Mtu mzima akiharisha kiasi hicho anachukua kiti na kulalamika. Kinachoua si kirusi chenyewe. Ni maji na chumvi vilivyotoka bila kurudishwa.

Hapa nina jambo la kuungama. Nilipokuwa intani katika hospitali moja ya umma Bonde la Ufa, kabla chanjo hii haijaja, ilipopanda rota tulilaza watoto wawili, wakati mwingine watatu, kitanda kimoja. Tulitafuta mishipa kichwani kwa sababu mikononi ilikuwa imezama. Nami, kijana mwenye koti jeupe na majibu yote, niliwaambia akina mama wa mitaa ya hali ya chini, Kaptembwo na Rhonda, "Nawa mikono, chemsha maji." Nilisema kama mtu anayekemea. Baadaye wakaanza kuja watoto wa Milimani, wa walimu na wa mameneja, wenye maji ya bomba na yaya wa kuwanawisha, wakihara vilevile. Kabla ya chanjo karibu kila mtoto duniani aliambukizwa rota kabla ya kufikisha miaka 5, London ya Uingereza kama Langalanga ya Nakuru. Kirusi hiki kinahitaji chembe chache sana kuambukiza, kinakaa siku nyingi kwenye vyombo vya kuchezea na vipini vya milango, na mgonjwa mmoja anatoa mabilioni ya chembe kwenye kinyesi. Endelea kunawa mikono, kwa sababu kunawa kunazuia kipindupindu, Shigella na mengine mengi, na kunapunguza rota pia. Lakini usafi peke yake haujawahi kuishinda rota mahali popote, na mama ambaye mtoto wake amelazwa nayo si mama mchafu. Natamani ningewaambia hivyo wakati ule.

Turudi kwa mama mkwe na meno. Anachokiona kipo. Watoto wengi huhara kati ya miezi 6 na 12, na meno hutoka kati ya miezi 6 na 12. Tatizo ni kwamba katika miezi hiyo hiyo kinga aliyozaliwa nayo mtoto kutoka kwa mamake inakwisha, anaanza kula chakula kingine, anaanza kutambaa, na kila kitu anachookota sakafuni kinapita mdomoni. Meno yanatuhumiwa kwa sababu yalikuwepo eneo la tukio. Ningeliacha lipite kama lingekuwa neno tu la mazungumzo, lakini linagharimu. Mtoto mwenye rota anaachwa nyumbani siku 2 "amalize meno", na wengine wanapelekwa kung'olewa mbegu za meno au kukatwa kimio. Ukisikia pendekezo la namna hiyo, hata kutoka kwa mtu unayemheshimu, usilikubali. Jeraha hilo halina uhusiano wowote na utumbo, na linaingiza ugonjwa mwingine.

Na wale watoto 7? Usibishane naye, wala usimsomee takwimu. Alichofanya kulea 7 ni kazi kubwa kuliko zangu nyingi. Muulize tu, siku mkiwa mmetulia, kama katika boma lao au kwa majirani hakukuwa na mtoto aliyehara akafariki ndani ya siku 2. Mabibi wengi wa Nyanza ninaowauliza swali hilo hunyamaza kidogo, kisha hutaja jina.

Sasa kwa nini aliyechanjwa aliugua? Watafiti nchini Meksiko waliwafuatilia watoto 200 tangu kuzaliwa, wakachapisha matokeo yao 1996. Waliona kwamba rota inaweza kumrudia mtoto mara nyingi, lakini ile ya kwanza ndiyo kali, na kila inayofuata ni nyepesi zaidi. Mtoto aliyekwisha kuambukizwa mara 2 hakupata tena kuhara kwa rota kwa kiwango cha kati wala kikali. Chanjo inaiga mwendo huo. Matone yale yana kirusi cha rota kilicho hai lakini kilichodhoofishwa. Kinaingia utumboni, kinaufundisha mwili, kinaondoka. Mtoto anapata "mara ya kwanza" na "mara ya pili" bila kulala wadini. Ndiyo sababu inatolewa mapema sana, wiki ya 6, kabla rota halisi haijamfikia, na ndiyo sababu haitolewi kwa sindano: tunataka kinga iwe utumboni, pale vita vinapopiganwa.

Somo hilo halishiki sawasawa kwa kila mtoto. Ulaya chanjo hizi zilizuia zaidi ya asilimia 90 ya rota kali. Katika jaribio lililochapishwa 2010, Afrika Kusini ilipata asilimia 77 na Malawi asilimia 49 katika mwaka wa kwanza wa maisha. Hapa Kenya, utafiti uliofanywa katika hospitali za Siaya na Kilifi ulikadiria kwamba mtoto aliyemaliza dozi amekingwa kwa asilimia 64 dhidi ya kulazwa kwa sababu ya rota. Maana yake, panapokuwa na watoto 100 ambao wangelazwa kwa rota kama hawangechanjwa, 64 wanabaki nyumbani na 36 bado wanakuja. Mwanao anaweza kuwa mmoja wa hao 36. Anaweza pia kuwa hakuwa na rota kabisa, na sidhani utajua, kwa sababu hospitali zetu nyingi hazipimi kinyesi kutafuta rota. Matibabu hayabadiliki, kwa hiyo hatutumii pesa ya kipimo. Uliza moyo wako tu: je, kuna aliyekuambia ni rota? Kama hakuna, chanjo inashtakiwa bila ushahidi.

Sababu za tofauti hiyo ya Ulaya na kwetu ni kadhaa. Mama wa hapa amekutana na rota mara nyingi, hivyo anampa mtoto kinga nyingi kabla ya kuzaliwa, na kinga hiyo hiyo inaizima chanjo kabla haijafundisha. Matone ya polio yanayotolewa siku moja nayo yanaibana kidogo kwenye dozi ya kwanza. Kuna watoto ambao utumbo wao umekwisha kuchoka kwa maambukizi mengine. Na kuna lishe: katika utafiti ule wa Siaya na Kilifi, watoto wenye uzito unaolingana na umri wao walikingwa kwa asilimia 84, lakini kwa waliokonda au kudumaa watafiti hawakuona kinga yoyote. Hilo huniuma, kwa kuwa wanaoihitaji zaidi ndio inaowakinga kidogo zaidi.

Akina mama wengine wakisikia hivyo huuliza kama waache kunyonyesha saa kadhaa kabla ya chanjo. Usiache. Jambo hilo lilijaribiwa Afrika Kusini na Pakistan, halikusaidia.

Kabla hujaitupa ile 49 ya Malawi, tazama upande wake wa pili. Katika jaribio hilo hilo, kwa kila watoto 100 waliochanjwa kwa mwaka, Malawi iliepuka visa 6.7 vya rota kali, na Afrika Kusini visa 4.2. Asilimia ni ndogo lakini watoto waliookolewa ni wengi, kwa sababu Malawi ilikuwa na rota nyingi zaidi ya kuzuia. Mvua ikiwa kubwa, hata mwavuli wenye tundu unakuepusha na maji mengi kuliko mwavuli mzima siku ya manyunyu.

Hapo ndipo tunapofika wadini kwa jirani yako. Kenya iliingiza chanjo ya rota katika ratiba ya kitaifa Julai 2014. Siaya, karibu kabisa na huko unakokwenda kwenye matanga, watafiti walikuwa wakihesabu watoto wanaolazwa tangu kabla ya hapo. Mwaka wa kwanza baada ya chanjo, waliolazwa wakiwa na rota walipungua kwa asilimia 59. Mwaka wa pili walipungua kwa asilimia 82, na hali ikakaa hapo mwaka wa tatu. Kilifi, upande wa pili wa nchi, ilikuwa 57 kisha 80. Hospitali mbili zilizo mbali hivyo zikikuambia jambo moja, unaanza kuamini.

Ukiwa na jicho kali utaniuliza: chanjo yenye kinga ya asilimia 64 inawezaje kupunguza wagonjwa kwa asilimia 82, tena wakati si kila mtoto amechanjwa? Ni swali zuri. Sehemu ya jibu ni kwamba makadirio yote haya yana upana, si namba za kukatwa kwa kisu. Sehemu nyingine, ninayoiona kubwa, ni kwamba mtoto aliyechanjwa anatoa virusi vichache akiugua, hivyo anawaambukiza wenzake kidogo. Mdogo wake ambaye hajafika wiki 6, na jirani ambaye hakuchanjwa, wanapata nafuu bila kujua imetoka wapi.

Sasa nimrekebishe jirani yako kidogo, kwa upendo wa kikazi. Tuseme zamani wadi ilipokea watoto 100 wa kuhara. Takribani theluthi yao, tuseme 33, walikuwa na rota. Punguza hao kwa asilimia 82, wanabaki 6. Wale 67 wa vijidudu vingine bado wanakuja. Jumla ni 73. Muuguzi anahisi pumziko, hasa kwa kuwa rota huja kwa mawimbi na mawimbi ndiyo yaliyokuwa yakimvunja mgongo. Nyanya aliye nyumbani bado anaona watoto wanahara, na hakosei. Kama wadi imebaki nusu, basi rota haikufanya peke yake. Chanjo ya nimonia iliingia Kenya 2011 na kupunguza wagonjwa wengine, na ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) pamoja na zinki vinatumika majumbani zaidi ya zamani. Tena wadi tupu si lazima iwe habari njema. Kati ya Desemba 2016 na Machi 2017 madaktari waligoma siku 100, kisha wauguzi wakagoma tangu Juni hadi Novemba. Ukitazama daftari za miezi ile utadhani watoto wa Kenya walipona wote. Ndiyo maana anayehesabu kwa makini haangalii tu waliolazwa. Analinganisha na magonjwa ambayo chanjo haiyagusi, na anapima kinyesi kujua nani hasa alikuwa na rota. Waliopungua wakiwa wa rota peke yao, huku wengine wakiendelea kuja, hapo mgomo hauwezi kusingiziwa.

Kuhusu kupinda matumbo, uvumi huo una mzizi na nitakupa mzizi wenyewe. Kuna hali ambapo kipande cha utumbo kinaingia ndani ya kipande kinachofuata, kama unapovua soksi ikajikunja ndani yake. Huwapata watoto wachache wa chini ya mwaka mmoja hata bila chanjo yoyote. Chanjo ya kwanza kabisa ya rota, RotaShield, iliondolewa Marekani 1999 kwa sababu ilionekana kuongeza hatari hiyo, kwa takribani mtoto 1 kati ya 10,000. Chanjo zilizofuata zilijaribiwa kwa makumi ya maelfu ya watoto kwa sababu ya historia hiyo. Katika nchi tajiri bado inaonekana hatari ndogo, mtoto 1 hadi 6 hivi kwa kila 100,000. Barani Afrika, utafiti wa nchi 7, Kenya ikiwemo, uliochapishwa 2018, haukuona ongezeko baada ya chanjo tunayoijua hapa ya Rotarix. Mimi nikiweka hatari hiyo upande mmoja wa mizani na rota upande mwingine, sioni ugumu wa kuchagua, na wanangu walipewa. Lakini ujue dalili: mtoto analia kwa vipindi akikunja miguu tumboni, anatulia, analia tena, anatapika kijani, tumbo linavimba, kinyesi kinatoka na damu iliyochanganyika na ute kama jamu. Ukiona hayo, awe amechanjwa au hajachanjwa, nenda hospitali yenye daktari wa upasuaji saa ile ile. Usingoje kuche. Na mtoto aliyewahi kupata hali hiyo hapaswi kupewa chanjo hii, kama asivyopaswa yule aliyezaliwa na upungufu mkubwa wa kinga unaoitwa SCID. Maambukizi ya VVU si kizuizi.

Matanga ya Bondo hayakuzuii. Beba kitabu cha mama na mtoto. Zahanati na vituo vya afya vya umma vinatoa chanjo hii bila malipo, na muuguzi wa huko atapiga muhuri ule ule. Kama kituo cha karibu hakina dozi siku hiyo, uliza siku ya kurudi, au nenda Manyatta mara tu mkirudi. Wiki ya 6 ndiyo bora, lakini wiki ya 8 haijaharibu kitu. Dozi zinahitaji kupishana wiki 4 angalau. Shirika la Afya Duniani lililegeza masharti ya umri 2013, hivyo aliyechelewa anaweza kuchanjwa hadi miezi 24, ingawa kadiri anavyochelewa ndivyo rota halisi inavyopata nafasi ya kumtangulia. Rotarix, ambayo Kenya ilianza nayo, hutolewa mara 2, wiki ya 6 na ya 10. Kuna aina nyingine, kama Rotavac, inayohitaji mara 3, wiki ya 6, 10 na 14. Muulize muuguzi amempa ipi na aiandike, usidhani ratiba ya mkubwa ndiyo ya mdogo. Mafua au joto kidogo si sababu ya kuahirisha. Kama anahara sana au ana homa kali siku hiyo, atibiwe kwanza.

Na kwa kuwa chanjo haizuii kila kuhara, weka nyumbani pakiti 2 za ORS na zinki kabla hujazihitaji. Unakumbuka lile taulo lililokuwa kipara? Rota inaharibu ncha nyingi, lakini haifungi mlango mmoja mdogo: pale chumvi na sukari zinapopita pamoja, na maji yakazifuata. ORS imepimwa kwa ajili ya mlango huo. Ndiyo sababu soda, glukosi peke yake, au ORS iliyochanganywa na maji machache "iwe na nguvu" haifanyi kazi hiyo, na inaweza kuzidisha kuhara. Soma pakiti inataka maji kiasi gani, mililita 500 au lita 1, na pima kwa chupa unayoijua. Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuhara, mkubwa zaidi 100 hadi 200. Mpe kwa kijiko au kwa kikombe polepole. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha anza tena, kijiko kimoja kila dakika 2 au 3. Ni kazi ya kuchosha, na hapa ndipo mama mkwe ana nafasi yake: hakuna anayejua kumbembeleza mtoto anywe kama nyanya. Endelea kunyonyesha, na anayekula aendelee kula. Zinki ni miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa wa chini ya miezi 6, kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma siku ya 3. Flagyl na antibiotiki hazigusi kirusi, na dawa za kufunga tumbo si za watoto.

Usibaki nyumbani, hata kama ni usiku, mtoto akiwa mlegevu au haamki vizuri, akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, macho yakizama, utosi ukibonyea, au ukibana ngozi ya tumbo lake ikarudi polepole kama kitambaa. Vivyo hivyo ukiona damu kwenye kinyesi, degedege, au hajakojoa saa 6. Kichanga wako wa wiki 5 akianza kuhara sasa, usimpime kwa orodha hiyo, mpeleke tu. Chini ya miezi 2 hatukisii kwa simu wala kwa maandishi. Kuhara kunakozidi siku 14 nako kunataka kuonwa.

Ukienda kliniki wiki ijayo, mchukue na mkubwa. Hahitaji tena rota, miaka 3 imempita, lakini omba apimwe uzito, kimo na mkono, kwa ile sababu ya lishe niliyoitaja na kwa sababu baada ya kulazwa kwa kuhara watoto wengine hawarudishi uzito wao bila mtu kugundua.

Jambo la mwisho, kwa kuwa najua litatokea. Matone ya rota ni matamu, lakini kichanga anaweza kuyatema. Akitema kidogo, si neno. Akitapika karibu yote papo hapo, mwambie muuguzi kabla hujaondoka, anaweza kumrudishia mara moja. Na siku chache zinazofuata nawa mikono vizuri baada ya kubadilisha daipa, kwani kile kirusi dhaifu kitakuwa kinatoka humo.